Redio iliyolala mkobani miezi 14: Icom IC-A25N, na asubuhi alternata ilipokata juu ya Mtito Andei

Aliyeiona sindano kwanza ni Mjomba. Mimi mwenye leseni nilikuwa nahangaika kumwonyesha Kilimanjaro.

Tuliondoka Ukunda saa moja na robo asubuhi kwa Cessna 172N ya mwaka 1980, ndege tunayoimiliki watu wanne, kila mmoja na robo yake na malalamiko yake. Mjomba alikuwa na miadi ya daktari wa macho Nairobi. Ndiyo, wa macho, na ndiye aliyeona. Ujana wake aliumalizia kwenye usukani wa Bedford, Mombasa hadi Kampala na kurudi, na mtu wa namna hiyo ukimkalisha mbele ya dashibodi yoyote ataisoma yote kabla hajatazama nje.

Tulikuwa futi 8,500, vilima vya Chyulu mkono wa kushoto, reli na barabara kuu chini yetu, aliponigusa kiwiko.

"Mwanangu, hii saa ndogo ni ya nini?"

"Ya chaji, Mjomba. Inaonyesha betri inaingiza au inatoa."

"Basi inatoa. Kwenye Bedford ikilala hivi, unatafuta pa kuegesha."

Sindano ya chaji kwenye Cessna hizi ina sifuri katikati. Ikiegemea kulia kidogo, alternata, ile mashine ya umeme inayozungushwa na injini, inalisha betri. Ikilala kushoto, betri ndiyo inayolisha ndege. Yangu ilikuwa imelala kushoto kama mtu aliyeshiba. Taa nyekundu ya volti kushuka nayo ilikuwa inawaka, ila ukiruka kutoka pwani kwenda Nairobi asubuhi jua linakuwa mgongoni, linaingia kwa kioo cha nyuma na kuipiga dashibodi yote. Ilibidi niikinge kwa kiganja ndipo nikaona kweli inawaka. Imewaka tangu lini, Mungu ndiye ajuaye.

Naandika haya kwa sababu rafiki aliniuliza kama inafaa kununua redio ya mkononi ya marubani, na nilipoanza kumjibu nikagundua siwezi kuisifu wala kuiponda bila kusimulia asubuhi ile. Niliinunua miezi 14 kabla. Siku ya kwanza niliichezea sebuleni, nikasikiliza ndege za uwanja wa Moi, Mombasa, zikiongea na mnara wa kuongozea ndege, kisha nikaitia mkobani. Huko ikalala.

Kwanza ndege yenyewe. Nilifanya kama kitabu kinavyosema: nikazima swichi ya redio na vyombo vyake, nikaangalia sakiti breka ya alternata (ilikuwa ndani, haijaruka), kisha nikaenda kwenye swichi kuu, kile kitufe chekundu kilichopasuliwa katikati, nusu ya kushoto ya alternata, nusu ya kulia ya betri. Unazima nusu zote mbili, unaziwasha tena. Kama volti zilipanda ghafla na kifaa kinachosimamia alternata kikaamua kuikata, mara nyingi hapo inarudi. Haikurudi. Taa ilibaki, sindano ikabaki ubavu wake ule ule. Nikazima nusu ya alternata, nikaanza kuvua mizigo: taa ya mkiani, taa za ncha za mabawa, redio ya pili, kila kilichokuwa kinakula bila kunisaidia. Ningenusa moshi au harufu ya mpira unaoungua, hadithi ingekuwa nyingine. Hapo unazima kila kitu na hujaribu kurudisha. Hakukuwa na harufu ila ya maembe.

Darasani tuliambiwa betri nzuri, ukipunguza mizigo, inaweza kukupa kama nusu saa. Nusu saa hiyo inahesabiwa kuanzia alternata inapokata, si kuanzia mjomba wako anapoona.

"Na injini?" akauliza, sauti ikiwa ya fundi zaidi kuliko ya abiria.

"Injini haihitaji betri. Ina magneto zake mbili, zinajitengenezea cheche zenyewe."

"Kama trekta za zamani." Akaegemea kiti, akatulia. Mafuta nayo kwenye 172 yanashuka yenyewe kutoka mabawani, hakuna pampu ya umeme. Mwendo na mwinuko vinasomwa kwa hewa, dira inaelea kwenye maji yake, vyombo vya kuonyesha mlalo na mwelekeo vinazungushwa na pampu ya hewa iliyofungwa kwenye injini. Mchana, anga likiwa wazi, ndege hii bila umeme bado ni ndege. Kinachokufa ni maneno. Unabaki na injini nzima na mdomo uliofungwa, unaelekea kwenye mojawapo ya anga zenye shughuli nyingi Afrika Mashariki.

Nikawasha redio ya ndege tena niwaarifu waongozaji wa ndege wa Nairobi. Nilipobonyeza kitufe cha kuongea, skrini ilififia hadi namba zikapotea. Nilipokiachia, zikarudi kwa uvivu. Kuongea ndiko kunakokula umeme kuliko kusikiliza, kwa hiyo betri ikikaribia mwisho redio inakuwa sikio bila ulimi. Nikaweka 7600 kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, namba inayosema redio imekufa, nikaiacha hivyo kwa muda uliobaki. Dakika chache baadaye taa yake ndogo ilizimika.

"Mjomba, nipe ule mkoba wa kijani nyuma."

Ulikuwa chini ya kapu la maembe na madafu aliyombebea shangazi. Niliwahi kusema mahali kwamba nina redio ya dharura ndani ya ndege. Nirekebishe kauli: nilikuwa na redio ya dharura chini ya madafu.

Sasa tuiseme yenyewe. IC-A25N inatoa wati 6 kileleni, yaani kama wati 1.8 za wimbi lenyewe linalobeba sauti. Ina skrini ya rangi unayoweza kuisoma juani, GPS, Bluetooth, uwezo wa kupokea VOR (vituo vya redio vya ardhini vinavyoonyesha njia), na kitufe cha peke yake cha 121.5, masafa ya dharura. Betri yake ni ya lithiamu, mAh 2,350. Mwili umepewa daraja la IP57, maana yake haiogopi vumbi wala kuzama kidogo majini. Mkononi ni nzito kiasi cha kukuaminisha. Niliiwasha, ikawaka. Alama ya betri ilikuwa chini ya nusu baada ya uzembe wangu wote ule, na kwa hilo pekee naipa heshima yake.

Nikaishika mdomoni kama askari wa zamu, nikaita. Nikafungua sikio moja la hedseti nisikilize jibu. Nilichosikia ni injini. Hapo ndipo matangazo hayakupeleki. Spika ya redio ya mkononi ndani ya 172 inayokwenda ni sawa na mtu anayekunong'oneza kwenye posho mill. Hata ukiibana sikioni unaokota neno moja katika matano, na maneno yenyewe ni namba. Kama umenunua redio hii ukaacha adapta ya hedseti dukani, umenunua kisanduku cha kukufariji.

Mimi adapta nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya plastiki yake, haijafunguliwa. Mjomba akaichana kwa meno, akanipa. Ni waya mfupi: upande mmoja unaingia kwenye redio, upande wa pili una matundu mawili ya plagi za hedseti, nene na nyembamba. Ndipo likaja jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza, na ndilo linalonifanya niandike. Ukichomoa hedseti yako kwenye ndege na kuichomeka kwenye redio, unaachana na mfumo wa mazungumzo ya ndani. Mjomba aliniambia kitu. Niliona midomo tu. Nikamwonyesha kidole: ngoja. Kuanzia hapo hadi chini tuliongea kwa mikono, na mzee aliyezoea kupishana na malori usiku kwa taa peke yake hakupata shida.

Nikaita Nairobi. Kimya. Nikaita tena. Kimya, na hata sauti yangu mwenyewe siisikii masikioni. Rubani akiongea bila kujisikia anajua hatoi kitu, ndivyo tulivyozoea. Mara ya tatu nilikuwa nimeshakata tamaa, naongea ili nisionekane nimenyamaza. Ndipo rubani wa Cessna Caravan, ndege kubwa kuliko yetu, juu zaidi yangu huko mbele, akajibu kwa upole kwamba amenisikia mara zote tatu, ila nilikuwa nikiongea juu ya majibu yake. Kumbe kule kujisikia ni jambo la kuwekwa kwenye menyu, nami sikuwahi kuliweka. Redio ilikuwa nzima muda wote. Aliyekuwa hajasoma kitabu anajulikana.

Yule wa Caravan akanipokezea ujumbe kwa Nairobi: namba ya ndege, umeme umekwisha, watu wawili, mafuta ya zaidi ya saa mbili, sitakwenda uwanja wa Wilson, Nairobi, nakwenda kiwanja cha Orly, upande wa Kajiado. Akarudi na jibu kwamba wamepokea. Wasiorusha ndege huenda wakaliona hili ni dogo. Ulipoandikisha safari ya Wilson, saa yako ya kufika imeandikwa. Zikipita dakika 30 bila wewe kuonekana wala kusikika, wanaanza rasmi kukuhesabu kama ndege yenye mashaka, simu zinaanza kupigwa viwanjani, na mambo yanapanda ngazi kutoka hapo. Sentensi moja iliyobebwa na mtu aliye juu zaidi yako inazuia yote hayo. Kama redio hii imewahi kulipa bei yake, ililipa katika sekunde zile 20.

Kwa nini Orly na si Wilson? Nimeulizwa sana na wenzangu wa zile robo tatu, hasa yule aliyelazimika kuendesha gari hadi upande wa Kajiado kunichukua. Wilson ina njia mbili zinazokatana, mnara, na foleni ya asubuhi ya ndege zinazokwenda Mara na Amboseli. Bila redio unaweza kuingia kwa ishara za taa: kijani isiyopepesa, una ruhusa ya kutua, nyekundu isiyopepesa, mpishe mwingine uendelee kuzunguka, nyekundu inayopepesa, usitue, uwanja si salama. Mchana unajibu kwa kutikisa mabawa. Nazijua kwa moyo. Lakini nilikuwa na redio isiyoaminika sana ndani ya chuma, mzee wa miaka 74 kando yangu, na uwanja wa ndege binafsi usio na mnara njiani, ambako kila mtu anatangaza alipo na kutazama nje. Sikuona ushujaa wa kutafuta huko mbele.

Orly walinisikia vizuri. Nilitangaza nikiwa maili 10, mtu mmoja aliyekuwa anafanya mizunguko akanijibu, akanipisha. Nilitua bila flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Betri huenda ilikuwa na tone la kuzishusha, lakini flapu za 172N zinaendeshwa na mota ya umeme, na ukizishusha zote digrii 40 halafu umeme ukaisha, huna tena wa kuzipandisha ukihitaji kuondoka upya. Kitabu kinataka mwendo wa fundo 60 hadi 70 (maili za baharini kwa saa) kwa kutua namna hiyo. Nilishika 65, pua juu kuliko nilivyozoea, njia ikapita chini yetu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda. Filimbi ya kuonya mwendo mdogo ililia kama kawaida, maana kwenye ndege hii inapigwa na upepo, si na umeme. Magurudumu yakagusa. Mjomba akapiga makofi mawili, nikayaona bila kuyasikia.

Simu ya kwanza ilikuwa kwa mnara wa Wilson, kuifunga ile safari iliyoandikishwa. Ya pili kwa zahanati ya macho.

Tangu hapo nimeifanyia redio haki yake. Nilikwenda angani na mwalimu wangu, umeme wa ndege ukiwa mzima, yeye akirusha na mimi nikijaribu. Kwa hesabu, ukiwa futi 5,000 juu ya ardhi, mawimbi ya VHF yanaona hadi kama maili 87 za baharini. Hiyo ni hesabu ya antena iliyo nje. Ile ya mpira, ndani ya sanduku la alumini, na wati zake chache, inakupa kipande tu. Nikiishika magotini, mnara ulinisikia kwa kukatika nilipokuwa maili 15. Nikiisogeza hadi kioo cha pembeni, antena ikiwa imesimama wima, wakanisikia bila shida mahali pale pale. Kama ndege yako inaruhusu fundi akuwekee soketi inayounganisha redio ya mkononi na antena ya nje, fanya. Mimi nimeomba, na wenye robo tatu bado wanaijadili gharama.

VOR yake niliifuata hadi mwisho siku moja na inafanya kazi, sindano imechorwa kwenye skrini na yote. Sijui nani ataitumia kwa dhati wakati tableti iko pajani ikiwa na betri yake na ramani ya Kenya nzima. Kama unabana fedha, lipo toleo lisilo na vyombo vya njia, IC-A25C, na kwa matumizi niliyoyasimulia hapa hutakosa kitu. Bluetooth ni tamu kwa mwenye hedseti ya namna hiyo, ila siku ya tabu nataka waya. Waya hauulizi namba ya siri.

Bei: mimi iliniondokea shilingi elfu tisini na kitu pamoja na ushuru. Ni fedha nyingi kwa kitu unachoomba usikihitaji. Na kabla hujamtuma binamu aliye Marekani akubebee, uliza kwanza Mamlaka ya Mawasiliano. Redio inayotuma si simu, ina idhini zake.

Alternata yenyewe haikuwa mbovu. Waya mwembamba unaopeleka umeme wa kuiamsha ulikuwa umekatika kwenye kichwa chake nyuma ya alternata, pale unapofungwa na nati ndogo. Ndege ilikuwa imetoka ukaguzini siku tisa kabla, na waya huo ulikuwa umefunguliwa na kufungwa upya bila kushikizwa mahali, ukabaki kuchezacheza na mtikisiko wa injini hadi ukachoka. Karakana siitaji. Walikuja Orly wenyewe siku ile ile, wakakata kichwa kilichovunjika, wakabana kipya, wakaufunga waya usiyumbe, na hawakudai shilingi. Kazi ya dakika 40. Fundi kijana alinionyesha kile kipande kiganjani, kidogo kuliko punje ya kunde.

Redio sasa haikai mkobani. Iko kwenye mfuko wa mlango wa kushoto, adapta imeshachomekwa, sauti yangu naisikia, masafa ya Wilson na Nairobi yamehifadhiwa kwa majina. Naichaji kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na nimeongeza kile kikasha cha betri za kawaida, sita za AA, ambazo hata Makindu utazipata. Kila robo saa nikiwa angani naitazama sindano ya chaji na kuigusa kioo chake kwa kidole, tabia ambayo mwenzangu mmoja anasema inamtia wasiwasi abiria.

Mjomba alirudi pwani kwa treni, na miwani mipya. Alisema si woga, ni kwamba alitaka kuiona tena ile barabara. Jioni alipofika Diani alinipigia kuniambia maembe mawili yalipondeka, na kuniuliza kama ule waya niliuona kwa macho yangu au niliambiwa tu.